Vidonge vya Posta na Sijda Ndefu

Niliihama famasi ya karibu na kwetu kwa sababu ya makelele. Sina sababu nyingine ya maana. Mtu mzima na ndevu zangu, nilibadilisha mahali pa kuchukua dawa kwa kuwa mwenye famasi alikuwa hasikii vizuri, na hivyo akidhani na sisi sote hatusikii.

Tulikuwa tunakaa Laurel, huko Maryland, Marekani, na kazi yangu ilikuwa kutengeneza mashine za fotokopi maofisini. Daktari alikuwa ameniambia nina presha, akaniandikia vidonge, na kila mwezi nikivifuata pale famasi. Siku moja nimejisimamia kwa adabu nangoja zamu yangu, yule mzee akainua chupa juu na kupaza sauti: "Dawa yako ya presha tayari! Utakojoa sana, usishangae!"

Na nani alikuwa amesimama kwenye rafu ya mafuta ya nywele? Bibi mmoja wa Mombasa, mwenye nambari za simu za Waswahili wote kuanzia Columbia mpaka Falls Church. Alinipa pole palepale, tena kwa huzuni ya kweli, na sijafika nyumbani simu inalia. Huyu ananiambia nile kitunguu saumu, yule nichemshe majani ya mstafeli, sijui Laurel niyapate wapi. Wiki ileile tukaalikwa karamu, nikawekewa sahani yangu peke yangu, wali mweupe na kuku wa kuchemsha, hata harufu ya chumvi haina. Marekani nimevumilia mengi, theluji nimeivumilia, lakini wali baridi usio na chumvi katikati ya watu wanaokula biriani ni kudhalilishana.

Hata hivyo lililoniuma hasa lilikuwa jingine. Jamaa zetu wa pwani tulikuwa tukikutana Jumamosi kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu, tukisali pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikisalisha. Si kwa elimu, jamani. Wenye elimu walikuwa wakikaa mbali, mimi nilikuwa na sauti tu na zile sura nilizochapiwa bakora chuoni Tanga. Lakini mbele ni mbele. Ofisini mimi ni mtu wa kuitwa karatasi zikikwama; pale ukumbini nikiinama, watu wazima na heshima zao wanainama nyuma yangu. Sasa nikaanza kusikia minong'ono kwamba nipumzishwe, maskini, mgonjwa. Nilikasirika, tena sana.

Basi kazini wakatuletea habari. Bima yetu sasa inakubali mtu aletewe dawa kwa posta, za miezi mitatu kwa mpigo. Anayetaka abaki na famasi yake, anayetaka ahamie posta, ni hiari ya mgonjwa. Nilihama siku ileile. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikamweleza mke wangu kuwa sasa hakuna wa kunitangaza, vidonge vitaingia kimya kimya kwenye sanduku letu la barua.

"Na hiyo posta itakuuliza hali?" akasema.

"Haiulizi. Ndiyo uzuri wake."

"Haya bwana. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Nikamwambia aache methali zake. Nikaeneza habari kuwa nimepona kabisa, ni kitunguu saumu hicho, na bibi wa Mombasa akachukua sifa zote. Chumvi ikarudi kwenye sahani yangu.

Kuna jambo ambalo sikulihesabu kuwa jambo. Ramadhani ilipokuwa ikikaribia, yule mzee wa famasi alikuwa na kawaida ya kuniuliza kama mwezi wetu umefika. Kisha yeye mwenyewe anampigia simu daktari, wanazungumza, ananipunguzia dawa na kuniambia niimeze baada ya futari, si alfajiri. Mimi nikauona ni udaku tu wa mzee. Tena kidonge cha futari kilikuwa kikinitoa kwenye tarawehe mbio kwenda chooni, na imamu anayekimbilia chooni hana haiba. Posta haikuniuliza mwezi wala mwaka. Kwenye chupa iliandikwa kidonge kimoja kila asubuhi. Nikajiuliza, daku si asubuhi? Nikajijibu mwenyewe kuwa ni asubuhi, tena asubuhi nzuri.

Ilikuwa Ramadhani ya kiangazi, jua la Maryland halina haraka ya kutua na hewa ni nzito, unaweza kuikamua. Nilikuwa nakula daku, nakunywa maji yangu, nameza kidonge, na kabla sijafika kazini maji yote nimeyagawa kwenye vyoo vya njiani. Mchana nikiinuka ghafla, naona giza. Nikasema ni saumu, saumu si ni kazi. Kumwambia mke wangu sikuthubutu, maana methali ingerudi.

Jumamosi tukakutana ukumbini tufuturu pamoja. Wanawake wakaanza kupika mapema, na alasiri ilipoingia tukapanga safu, wanaume mbele, wanawake nyuma ya shuka tuliyoitundika kwenye kamba. Feni ilikuwa moja, na ilikuwa inawapulizia wao. Nikatoa takbira kwa sauti ya mtu aliyepona.

Rakaa ya pili nikasujudu. Nilipotaka kuinua kichwa, dunia ikazunguka na giza likanijia. Nikakirudisha chini. Pale chini, paji la uso kwenye zulia, nilikuwa sijambo kabisa, hata raha nilikuwa naisikia. Nikajiambia nitulie kidogo, litapita. Nikajaribu tena, giza lilelile, na sasa mikono nayo siisikii. Nyuma yangu watu wote wametulia kwenye sijda wananingoja. Wanaume walitakiwa waseme "Subhanallah" kunizindua, lakini hakuna aliyethubutu. Mzee mmoja safu ya kwanza akaanza kulia kwa unyenyekevu. Nami, Mungu anisamehe, katika hali ile nikafurahi kwamba leo nimewaliza.

Nikasikia kofi. Mwanamke akitaka kumzindua imamu hasemi, hupiga kofi kwa viganja vyake. Likapigwa tena, kwa nguvu zaidi. Kisha nikasikia shuka inavutwa na miguu inakimbia katikati ya safu za wanaume, na mke wangu akanishika mabega akanigeuza. Mtu mmoja akamwambia kwa upole, "Mama, mwache, yuko na Mola wake."

"Anakufa huyu!" mke wangu akamjibu.

Wakanisogeza pembeni karibu na viatu, mzee aliyekuwa analia akasogea mbele akaimaliza sala. Mke wangu akanimiminia maji kinywani. Nikamwambia nimefunga. Akaniambia ninyamaze ninywe.

Alinitia garini akanipeleka famasi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Yule mzee wa famasi akatoka nyuma ya kaunta, akanikalisha, akanipima presha mara mbili, kisha akaigeuza ile chupa ya posta, ambayo mke wangu alikuwa ameipitia nyumbani.

"Nani alikuambia umeze hivi ukiwa umefunga?"

"Hakuna mtu."

"Naona," akasema. Akampigia daktari nyumbani kwake, wakanisimamishia vidonge, wakaniamuru ninywe maji na nikaonwe na daktari Jumatatu. Mke wangu akamwambia kuanzia sasa dawa zangu zote zitoke hapa. Mimi sikuulizwa kitu, na nilikaa kwenye kiti changu nikinywa maji.

Tukarudi garini, lakini hakuliwasha. Alikuwa ameshika usukani, ufunguo mapajani. Nikataka kumchekesha, nikamwuliza, wanaume wote wale wamenikaribia vile, hakuna aliyejua, yeye nyuma ya shuka alijuaje?

"Tangu unioe nasali nyuma yako," akasema. "Sijda yako naijua. Tasbihi tatu za haraka, umeshainuka. Siku zote namwomba Mungu akusamehe uvivu huo." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ungekuwa mcha Mungu wewe, leo ningekuzika."