Njia Mbili za Kutoa Uvimbe

Soko huria lilipofunguka, kabichi zetu za Lukozi zilianza kuondoka kwa malori ya watu binafsi, na maduka ya dawa yakafika mpaka vijijini. Humo ndimo, miaka mingi baadaye, nilimonunua dawa ya kupaka ya bawasiri kwa karibu mwaka mzima, huku nikitoka damu chooni. Sikumwambia mtu. Mke wangu aligundua alipokuwa akifua.

“Kopo la ngapi hilo?” aliniuliza. “Mbona damu haina habari kwamba unaitibu?”

Kilichonifunga mdomo ni kaka yangu. Yeye alipasuliwa tumbo kwa ugonjwa ulioanza na damu namna hiyo, akabaki na mfuko wa haja kubwa ubavuni. Aliamini hana udhu tena, akaacha msikiti mpaka alipofariki. Kila Ijumaa nilipita mbele ya nyumba yake, tukasalimiana, nikaendelea na safari yangu ya msikitini.

Mke wangu aliponihimiza nikaenda hospitali ya huku milimani, nayo ikanipeleka mjini, kwa daktari wa upasuaji, binti aliyekuwa mdogo kuliko kifungua mimba wangu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Alifunga mlango, akaketi nami kwenye benchi, akachora utumbo wangu kwenye karatasi.

“Uvimbe uko hapa chini, kwenye puru, mwisho wa utumbo. Njia ziko mbili, na zote hazitaki kupasua tumbo zima. Ya kwanza, tunapita huku huku chini kwa bomba lenye taa, tunaukata peke yake. Hupati kovu, na shamba utalirudia mapema. Ya pili, tunatoboa matundu madogo tumboni, tunaingiza kamera, tunaondoa kipande cha utumbo pamoja na tezi zake.”

“Basi ya chini.”

“Subiri, baba. Ya chini haizifikii tezi, ambako ugonjwa huweza kuenea. Kama mzizi wa uvimbe umezama, tutakuwa tumeuacha.”

“Na mfuko?”

“Kwa njia ya pili, huenda ukauvaa kwa miezi kadhaa. Tuanze na ya chini, nyama ikapimwe. Ikisema urudi, utarudi?”

Sijawahi kuulizwa swali gumu kwa upole kama ule. Nilisema nitarudi.

Siku ya tatu baada ya kukatwa kwa njia ya chini nilikuwa natembea, kwapani nimebeba gazeti kama mtu mwenye afya. Kisha majibu yakaja: mzizi ulikuwa umezama. Nilitaka kupanda basi la Lushoto nisionekane tena. Lakini binti yule hakuwa amenificha kitu, nami nikaona haya kumdanganya. Nikarudi. Alinitoboa matundu manne ambayo leo wajukuu huyatafuta na wasiyaone, na kwa miezi kadhaa nikavaa mfuko.

Nyumbani nilimfuata shehe wetu, nikamwonyesha.

“Jisafishe, utawadhe kwa kila sala, uje,” alisema. “Mgonjwa ana ruhusa yake. Hukujua?”

Sikujua. Ijumaa ile nilisimama kwenye safu, mfuko chini ya kanzu. Nilikuwa nimeuliza kwa ajili yangu jambo ambalo miaka yote ile ningeweza kumuulizia kaka, nilipokuwa nikimpita mlangoni kwake.