Meseji ya Salfa Niliyoifuta

Mie ni mkulima wa korosho. Nasema hivyo hata sasa ninapokaa Kimara, Dar, kwa mwanangu, kwenye nyumba ya geti na vigae, ambako hata mchicha sina pa kuupanda. Mikorosho yangu iko kusini, nilikozaliwa, na mingine niliipanda nikiwa na mimba ya huyuhuyu mwenye geti.

Yeye na mkewe wanatoka alfajiri, wanarudi giza limeingia. Wajukuu wako bweni. Mchana kutwa nakaa na friji. Linanguruma, linanyamaza, linanguruma tena. Siku nyingine nalijibu.

Mwanangu alinionya mapema: "Mama, mji huu una matapeli. Meseji yoyote ya zawadi, ya hela, ya vitu vya bure, futa. Usiulize." Nikashika. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaru. Nasoma polepole, lakini nasoma.

Siku moja ikaingia meseji: ndugu mkulima, umepangiwa salfa ya ruzuku, fika ofisi ya kijiji na kitambulisho kabla ya Ijumaa. Nikacheka peke yangu. Mwizi gani huyu, kajuaje nina mikorosho? Nikaifuta. Jioni nikajisifu mezani, "Leo nimemkomesha tapeli." Mkwe wangu akanipigia makofi.

Wiki iliyofuata akapiga simu mdogo wangu, ndiye anayenitazamia shamba.

"Dada, uko wapi wewe? Wenzio tumebeba salfa. Jina lako limeitwa mara tatu."

"Nani kajibu?"

"Hakuna. Mtu akasema, huyo kafuata umeme Dar, mfuteni. Watu wakacheka."

"Nani kasema?"

"Dada, ukimjua utamfanyaje?"

Salfa ni ile poda ya njano tunayopulizia maua ya mkorosho. Bila hiyo ukungu unayala, hupati hata punje ya kutafuna. Mwanangu alipomaliza kusikiliza akasema, "Ishu ndogo, mama. Nitanunua mifuko dukani." Akanunua kweli, akaipeleka kwa basi, mikorosho ikapuliziwa. Ni mtoto mwema. Ila mie sikulilia mifuko.

Kwetu jina huitwa mbele za watu, nawe unajibu "Nipo!" hata kama una homa. Mume wangu alipokufa walitaka shamba liandikwe kwa shemeji yangu. Nilikaa kizingitini pa ofisi siku mbili, nikala hapohapo, mpaka likaandikwa jina langu. Hakuna aliyeniondoa kwenye orodha ile. Nimejiondoa mwenyewe, tena nikapigiwa makofi.

Nikampigia mtendaji wa kijiji.

"Shikamoo mama! Tunahakiki wakulima upya mwezi ujao. Usipofika mwenyewe, tutamwandika anayelitunza shamba."

"Ukimwandika mdogo wangu, mie nitakuwa nani?"

"Wewe utakuwa mama yetu wa Dar."

Alisema kwa mapenzi, kijana yule. Nikakata simu. Usiku ule sikula.

Mwanangu alinipandisha basi huku amenuna. "Safari yote hii kwa ajili ya jina?"

"Wewe lako nani kakupa?" nikamjibu.

Asubuhi ya uhakiki nilivaa kitenge kipya, nikawahi kabla ofisi haijafunguliwa. Jina langu lilipoitwa niliitika kwa sauti iliyowarusha kuku uani. Karani akaniangalia, akaangalia kitambulisho, akagonga muhuri. Basi. Nilijua watu watageuka, mtu atapiga kigelegele, yule aliyenicheka atainamisha uso.

Waligeuka, ndiyo. Wengi vijana. Wakanipa shikamoo zao vizuri, kama anavyopewa mpita njia. Wale niliopanda nao mikorosho, wa kunitania na kunitukana, mmoja kapofuka yuko ndani kwake, waliobaki tumewazika. Nikakaa kwenye benchi na karatasi yangu ya mkulima mapajani, nikimngoja mdogo wangu aitwe. Binti mmoja akasogea kunipa nafasi, akaniuliza, "Bibi, wewe wa kijiji gani?"