Nilivyoazima vitabu tisa vya watoto ili jirani yangu akose cha kusoma

Wakuu na wadada humu ndani, habari za huko mliko.

Hii sijaongeza chumvi. Ningetaka kuongeza ningejipamba kidogo, na mtaona sijajipamba.

Mimi ni fundi wa nguo upande wa Mukuyuni, Makueni. Mzee wangu ni dereva wa lori, mara nyingi akinipigia simu huwa yuko Mtito Andei. Tuna binti mmoja, nitamwita Mwende, miaka minane.

Shida yangu ilianza na library.

Kila Jumamosi asubuhi pale kuna saa ya kusomea watoto. Anayewasomea ni jirani yangu, Mama Ndunge, muuza nyanya. Halipwi, anajitolea tu. Watoto wanakaa kwa mkeka, yeye anainua kitabu waone picha, anageuza sauti, mara ni fisi, mara ni chifu. Hata akina mama waliowaleta hawaendi nyumbani. Wanachukua vitabu vya watu wazima, kama vile vya wanawake walioanza na cherehani ya kuazima wakafika mbali, wanasoma kwa benchi huku sikio moja liko kwa mkeka.

Sasa nisikilizeni. Mama Ndunge aliacha shule darasa la tatu. Mimi nilimaliza Form Four na nikapita vizuri. Kama kuna mtu wa kusomea watu hapa kwetu, si ni mimi? Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Hiyo ningevumilia. Iliyonishinda ni Mwende. Asubuhi, "Mami, Mama Ndunge amesema." Jioni, "Mami, Mama Ndunge amesema." Siku moja akaleta kitabu cha msichana aliyechimba kisima kwa kijiko, nikamwambia kaa nikusomee. Alisikiza kurasa mbili. Kisha akanishika mkono kwa upole kabisa, kama mtu anayefariji mgonjwa.

"Mami, wacha tu. Nitangoja Jumamosi."

Mtoto niliyemzaa kwa operesheni! Nilienda kupiga pasi sare za watu huku nikilia. Huo ulikuwa wivu, sitauita jina lingine.

Ijumaa moja nikafunga kazi mapema nikaenda library. Sheria yao ni kadi moja, vitabu vitatu, wiki mbili. Nilibeba kadi yangu, ya Mwende, na ya mzee ambayo haijawahi kuguswa. Kwa rafu ya vitabu vya picha vilikuwa vimebaki tisa tu, vingine viko kwa watu.

Nikavikomba vyote.

Dada wa library alifurahi mpaka nikaona haya. "Mama Mwende, wazazi wote wangekuwa kama wewe!" Akagonga muhuri mara tisa, na kila muhuri nilikuwa naona Mama Ndunge kesho akiwa mikono mitupu mbele ya watu. Honestly, nilisikia raha.

Nyumbani nikavifunika kwa gunia la vipande vya vitambaa. Mwende akanikuta. Nikamwambia ni surprise, asiambie mtu.

Jumamosi nikavaa nguo ya kanisa, nikakaa benchi ya mbele.

Mama Ndunge akaja, akaenda kwa rafu, akasimama. Akarudi polepole. Watoto karibu ishirini wanamwangalia.

"Vitabu vimeenda wapi?" akauliza.

Dada wa library akanitupia jicho, akasema tu vimeazimwa.

"Vyote? Aiya!" Mama Ndunge akaanza kucheka. "Basi watoto, leo kuna nyumba hapa kwetu mtoto atasomewa mpaka achoke. Hebu tuwapigie hao watu makofi ya kilo!"

Watoto wakapiga. Akina mama wakapiga. Mimi pia nikapiga, ningefanya nini? Na aliyepiga kushinda wote ni Mwende, akiniangalia, meno yote nje.

Halafu Mama Ndunge akawaambia watoto wasimulie hadithi wenyewe vile wanavyozikumbuka. Hakuna mtoto aliyetoka mapema.

Tukirudi, Mwende akaniuliza, "Mami, mtoto wa hiyo nyumba ni mimi, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Na ni wewe utanisomea vyote?"

Wakuu, mchana huo sikushona hata kifungo. Nilisoma vitabu tisa mpaka sauti ikaisha. Mwende hakuinuka ila kwenda choo.

Ningeachia hapo, lakini kuna ya juzi.

Mama Ndunge alinipata sokoni. Kumbe Mwende ametangaza kila mahali kwamba mamake alimsomea vitabu tisa siku moja. Nikajua leo nitasemwa mbele ya watu. Yeye akanichagulia nyanya nzuri nzuri, akaongea chini chini.

"Mama Mwende, usinione vibaya, niliposikia hayo nilikuonea wivu. Ndunge wangu sikuwahi kumsomea. Wakati alikuwa mdogo, kusoma kulikuwa bado kunanisumbua. Hii nimejifunza juzi juzi tu pale library, na yeye ashaolewa Kitui."

Nilichukua nyanya nikaenda.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nahesabu alichonacho mwenzangu na sikuwahi kuangalia alichokosa. Wivu haujaisha, msidanganyike. Mwende akimwegemea goti pale kwa mkeka, bado kuna kitu kinanichoma.

Lakini yule mama amenifungulia roho, na anaamini niliazima vile vitabu kwa sababu nampenda mtoto wangu.

Nimwambie ukweli, au nimwachie hiyo picha nzuri aliyonayo? Nisaidieni, na tafadhali msinibembeleze.