Hitima ya Walio Hai

Siku ile sijaisahau, mwanangu, nayo haitaki kunisahau. Nilikuwa barazani hapa Shela, kikombe cha kahawa mkononi, nikaambiwa kwamba huko Yemeni, kwenye vita, limeangushwa bomu linalonyonya sauti. Halivunji nyumba wala halichomi mti. Lanyonya sauti tu, kama mtu anyonyavyo mua. Mwadhini hufungua kinywa kisitoke kitu, punda hawalii, na mtu akikaa bila sauti siku chache humkauka na pumzi, akafa vivyo hivyo ameketi. Niliamini, wallahi. Niliamini mpaka nikakohoa kujipima kama yangu bado ipo.

Usinicheke peke yangu. Aliyenambia aliambiwa na mtu aliyeambiwa na baharia, na habari iliyokwisha kupita vinywa vingi namna hiyo huwa imelainika, yamezeka bila maji.

Wakati huo kidevuni mvi zilikuwa zimeshaingia, lakini katika elimu nilikuwa kijana, tena kijana mtukutu. Mchana nilipika katika nyumba moja ya wageni. Pilau yangu, bila kujisifu, harufu yake ilifika Kiunga ikawarudisha watu safarini. Baada ya Isha nilikwenda ngumbaru, darasa la sisi tuliokula chumvi nyingi bila kuonja kitabu. Mwalimu wetu, Mwanaidi, alikuwa binti wa kijiji cha Mbwajumali, mdogo hata kwa wanangu. Lakini akisema "keti", unaketi.

Niliyekaa naye dawati moja ni Bi Khadija. Binti yake aliolewa Yemeni, akazaa huko, na vita vikamkuta huko huko. Bi Khadija alikuja kusoma kwa haja moja: amwandikie binti yake ujumbe mwenyewe, asimwombe tena mtoto wa jirani. Basi siku moja mjukuu wake, Nasra, akatuma sauti kwenye simu ya bibi. Shule yao imefungwa, alisema, madarasani wamelazwa watu waliokimbia mapigano. Je, bibi aweza kumwambia anasoma nini huko ngumbaru, na yeye asome?

Mwalimu Mwanaidi hakulia aliposikia, wala hakutuhutubia juu ya ukatili wa dunia. Aliomba nambari. Tangu hapo, kila alasiri alimtumia Nasra somo kwa sauti: hesabu, kusoma, na kisa kifupi cha kulalia. Na sisi akatutia kazi. Mimi nilipewa kufundisha sehemu, nikafundisha kwa sinia la pilau: watu wangapi, nani kapata robo, nani kapigania ukoko. Nasra akaniita Ami wa Pilau. Nyuma ya sauti yake mara nyingine ulisikika mngurumo. Mwalimu hakumuuliza ni wa nini. Alimuuliza, "Na ile ya tatu, umepata ngapi?" Mimi nikaona huyu mwalimu moyo wake mkavu. Mwanangu, mjinga haoni haya kumsahihisha mwalimu wake.

Kisha Nasra akanyamaza.

Siku zikapita, simu kimya. Bi Khadija akawa hakai. Asimama, atoka, arudi, apanda darini aiinue simu juu kama mtu avuaye nyota. Nami ndipo barazani nikakutana na lile bomu. Unaona mambo? Sauti imekatika, na bomu ni la kunyonya sauti! Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nilikwisha kulowa hata kabla ya tone. Nikatoka mbio hadi kwa Bi Khadija, nikamwambia bomu limewamaliza binti na mjukuu, akaze moyo. Nilimwambia kwa yakini, kwa machozi, na kwa aya juu yake. Yule mama akavunjika mbele yangu. Aliizima simu, akaitia ndani ya kasha lake, akafunga.

"Ya nini tena?" alisema. "Aliyekuwa akisema ndani yake hayupo."

Tukasoma hitima. Nilipika mimi, na watu walikula, wakalia, wakala tena. Kwa kuwa nilikuwa msomi, nikairekodi: dua, vilio, na hotuba yangu ndefu kama mkia wa swala ya tarawehe, niliposema kwamba taa ya nyumba ya Bi Khadija imezimika. Majina ya marehemu sikuyataja, kwani kila aliyekuwapo aliwajua. Nikaituma kwa nambari ile ya Yemeni, ili jirani yeyote aliyesalia na masikio ajue huku kwetu Amu kuna watu.

Mwalimu Mwanaidi hakuja kula. Nilimkuta darasani akirekodi somo la kuzidisha.

"Mwalimu," nikamwambia, wenzangu wakisikia, "sasa wafundisha maiti hesabu?"

Alimaliza sentensi yake kwanza, ndipo akaiweka simu chini.

"Bwana Kombo, ni nani aliyekupa cheti cha kuua watu?"

"Mimi? Si bomu la..."

"Umeliona?"

"Nimeambiwa."

"Basi mimi sina habari ya kifo. Nina mwanafunzi asiyejibu. Mwanafunzi asiyejibu hafutwi, hungojwa. Keti."

Nikaketi, lakini rohoni nikicheka. Naye kila alasiri akaendelea kutuma, na hakuna lililofika.

Usiku mmoja tuko katikati ya kusoma, simu ya Mwalimu ikaanza kulia, mlio juu ya mlio, kama kuku waliofunguliwa bandani. Masomo yote yalikuwa yamefika kwa mkupuo mmoja. Kisha ikaja sauti, ya Nasra mwenyewe, akisema kama mamake alivyomlea, kwa Kiamu, nchi akiiita nti, leo yeo, na njia ndia:

"Asalaam alaykum, Mwalimu. Mtandao ulikatwa nti nzima, yeo umerudi. Masomo nimeyapata. Mwalimu, bibi amekufa lini?"

Darasa zima likageuka kunitazama.

"Tumesikia hitima yake," mtoto akaendelea. "Twapiga simu yake, imezimwa. Mama halii tena, afunga nguo. Asema alfajiri tutoke twende bandarini tutafute chombo cha kuya Amu. Na ndia ya bandarini ndiyo wanayoipigania."

Mwanangu, sijui kama nilitoka mlangoni au dirishani. Nilikimbia mchangani kivuli changu kikabaki nyuma, kikafika kesho yake. Nilimkuta Bi Khadija kajilaza.

"Bi Khadija! Wako hai!"

"Nani?"

"Wote! Wewe ndiye uliyekufa!"

"Kombo," akasema, "kwanza umewaua wanangu, sasa na mimi?"

Ufunguo wa kasha haukuonekana. Nikalivunja kufuli kwa mchi wa jikoni. Simu ikatoka, haina chaji hata chembe. Tukaichomeka, tukaikodolea macho, na dakika zile, wallahi, zilikuwa ndefu kuliko umri wangu. Mwalimu naye kafika anahema. Alikwisha kutuma ujumbe kwamba bibi ni mzima, msitoke. Lakini mama Nasra hakuamini. Alidhani yuatulizwa tu kama watulizwavyo wafiwa. Alitaka sauti ya mamake, basi.

Simu ikawaka. Bi Khadija akaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ni mimi. Ni mzima. Nimekula pilau ya hitima yangu mwenyewe, tena ilizidi chumvi. Fungua nguo hizo. Asitoke mtu."

Tukangoja. Hakuna aliyekaa. Nilizunguka kile chumba mpaka Mwalimu akanishika kanzu. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, kilio kilichogeuka kicheko na kurudi kilio, na maneno mawili tu: "Hatutoki, mama."

Ndipo Nasra akaomba kusema nami. Sikukaripiwa, mwanangu. Afadhali ningekaripiwa. Alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto mdogo:

"Ami, bomu kama hilo hakuna. Walikata mtandao tu. Mabomu yana sauti, Ami. Yana sauti sana."

Basi wewe uliyetoka chuo cha ualimu juzi, umekuja kuniuliza tufanyeje sisi wa visiwani kwa wanaoungua vitani mbali. Waniona siketi, vita vingine vimewaka, na simu za watu zanyamaza kila leo. Nasikia wataka wanafunzi wako wachore mabomu, na wamtafute mtoto wa huko aje awasimulie kwa simu aliyoyaona. Usifanye. Mtoto aliye chini ya moto si kitabu cha kusomea huruma. Akitaka kusema, msikilize hata somo lipotee; asipotaka, mpe hesabu yake. Ukiweza kumfikia, mfundishe, na saa uliyomwahidi iwe saa hiyo hiyo, kwa kuwa hapo alipo hakuna kingine kinachokuja kwa wakati wake. Akinyamaza, tuma tu. Na hawa ulio nao hapa, wafundishe kuuliza "umeona, au umeambiwa?" kabla hawajabonyeza kutuma, kwani ulimi hauna mfupa, na wa simu hauna hata mdomo wa kuufungia. Huruma yako nayo ipime: itamfikia nani, na akiisikia atainuka aende wapi? Mimi nilitaka kuwafariji watu, nikakaribia kuwatoa nyumbani kuwapeleka kwenye risasi.

Nenda, mwanangu, watoto wanakungoja. Mola awasitiri walio kwenye moto usio wao, awafungulie shule zao na milango yao, awarudishie waliopotea. Na wewe akujaalie sauti ya kweli, ambayo mtoto wa mbali aweza kuiegemea asianguke. Amin, amin, amin.