Mwendo wa Kuazima

Ukinipita barabarani huenda nisikukumbuke kwa sura, lakini nitakujua kwa mwendo. Si sifa hiyo, ni ugonjwa wa kazi. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuchora watu wakitembea: picha moja, kisha nyingine inayotofautiana nayo kidogo tu, kisha nyingine, mpaka zikichezeshwa kwa kasi unamwona mtu anakwenda. Mama yangu namtambua akiwa bado juu ya kilima, kabla sijaona hata rangi ya leso yake. Hutanguliza kisigino, huenda haraka kama aliyechelewa kanisani, na mkono wake wa kushoto hautikisiki.

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja mjini Kisii, ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mwaka wa kwanza nilidhani naumwa kichwa kwa sababu ya kompyuta, kumbe ni harufu ya dawa ya kupe iliyokuwa ikipanda ngazi. Tulikuwa watatu. Mimi nilichora. Mwandishi wetu alikuwa mwalimu aliyeacha chaki kwa hasira na ambaye hadi leo hawezi kuongea bila kumnyooshea mtu kidole. Wa tatu alikuwa mtu wa sauti, mpole, aliyezoea kurekodi kwaya za makanisa, na aliyeweza kukutolea sauti ya mvua kwa kumimina mchele kwenye sinia.

Tulifanya kazi tulizopata. Tulichora jino lenye miguu kwa daktari wa meno, na ng'ombe anayesifia chakula cha ng'ombe. Umeme ulipokatika tulikaa gizani tukilaumiana. Lakini tulikuwa tumeapa kwamba siku moja tungetengeneza katuni yetu wenyewe, kwa Kigusii, ili mtoto wa Nyamira awashe simu ya baba yake na kusikia lugha ya jikoni kwao. Tuliiamini ndoto hiyo. Bado naiamini, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mwandishi akatunga hadithi ya bibi kizee anayezunguka na kikapu akikusanya vivuli vya watoto. Mtoto aliyepokonywa kivuli hudhoofika, mpaka ndugu zake wakirudishe. Mwishoni watoto wanamshinda, wanachukua vivuli vyao, naye bibi anakwenda zake. Hakuna anayechomwa wala kupigwa. Nataka hilo lijulikane, ingawa halisaidii kitu. Sote watatu tulikulia huku. Tulijua mwanamke mzee akiitwa omorogi, mchawi, ni nini kinachoweza kumfuata. Tulijua, ila siku zile akili zetu zilikuwa kwenye rangi na sauti.

Bibi wa kwanza niliyemchora alikuwa mfu. Sura alikuwa nayo, kikapu pia, lakini akianza kutembea alipepea.

"Huyu mzee hana uzito," mwandishi akasema, kidole juu. "Anatembea kama gunia halina kitu ndani. Mtoto gani ataogopa hiyo?"

Nilimjibu vibaya, kisha nikaenda nyumbani, upande wa Gesima, kutafuta uzito.

Jirani yetu alikuwa mjane ambaye kijiji kizima kilimwita magokoro, yaani nyanya. Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa ameteleza kwenye mistari ya chai akiwa na kikapu mgongoni, akavunjika nyonga, na mfupa ukaungwa nyumbani. Tangu hapo mguu wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukaufuata ukiburuta vidole, halafu bega likaruka kidogo, kama mtu anayesukuma mlango mzito. Nilikuwa nimeutazama mwendo ule tangu nikiwa mtoto. Nilimkuta akijitayarisha kupeleka majani kwenye kituo cha kuuzia chai. Nayaweka maneno yetu kwa Kiswahili, ingawa nyumbani hatukizungumzi.

"Magokoro, naomba nikupige picha ukitembea. Nataka kuchora mwendo wako."

"Mguu huu?" Alicheka mpaka akashika kizingiti. "Wewe mwenye miwili mizuri unatamani wangu? Chukua wote, mwanangu. Usinirudishie."

Alipotoka nje akageuka. "Ni wa kazi gani?"

"Wa katuni ya watoto."

"Watafurahi?"

"Watafurahi sana."

"Basi sawa."

Sikumwambia ni nani angeuvaa. Ningeweza kusema nilisahau, lakini sikusahau. Niliogopa angekataa. Nilimfuata nyuma na simu mkononi mpaka kituoni, na njiani alisimama mara mbili kuniuliza kama anakwenda haraka mno. Jioni nilimpelekea sukari na mche wa sabuni, akaniombea dua ndefu.

Kazi ya kuchora ule mwendo ilinichukua siku nyingi. Nilihesabu kila picha ambapo kidole cha mguu kiligusa vumbi. Mtu wa sauti aliburuta gunia la mahindi juu ya saruji, mara kwa mara, mpaka tukapata mkwaruzo tuliotaka. Siku tuliyochezesha vyote pamoja, mwandishi alikosa la kunyooshea kidole. "Huyu sasa ni mtu," akasema.

Tukaiweka mtandaoni na ikasambaa kuliko tulivyowahi kuota. Watu walitumiana kwenye magrupu ya kanisa, ya shule, ya familia. Siku moja nikiwa sokoni Magwagwa niliona wasichana watatu wa shule wameongozana, kila mmoja akiburuta mguu wa kushoto na kurusha bega. Nilisimama na ndizi zangu mkononi nikatokwa na machozi ya furaha. Nilimpigia mwandishi palepale nikimwambia, wanatembea mwendo wetu! Nilisema wetu.

Mama alinipigia wiki chache baadaye. "Watoto wanamfuata magokoro njiani," akasema. "Wanamwiga. Wengine wanaficha vivuli vyao akipita, wanakimbilia chini ya miti."

"Watachoka," nikamwambia.

Kuna sentensi nyingi nilizowahi kusema maishani nikazisahau. Hiyo sijaisahau.

Kisha mtoto mmoja wa kijijini, wa miaka minne, akashikwa na kifua. Homa ilimshika siku chache, akafa. Alikuwa hodari wa kumwiga magokoro. Watu walikuwa wakimwita awachezee ule mwendo, wakacheka. Kwenye matanga mtu fulani akakumbuka hilo, safari hii bila kicheko. Mwingine akasema kivuli chake kilikuwa kimeanza kufifia. Mpaka hapo pengine wenye busara wangeweza kuwanyamazisha, maana nani asiyejua kwamba katuni ni katuni? Lakini likaja jambo ambalo nisingeliwaza hata ningepewa mwaka mzima. Wakasema: aliyemchora si mgeni. Ni msichana wa hapa hapa, amekulia ua kwa ua naye, alikuwa akiingia nyumbani kwake. Angemchora hivyo kama hajui kitu?

Kwa hiyo mchoro wangu ukawa ushahidi, nami nikawa shahidi nisiyeitwa.

Walikwenda nyumbani kwa magokoro mchana, vijana ambao baadhi yao niliwafundisha kuchora tembo kwenye darasa la kanisa. Walimkosa. Siku hiyo gari la kubeba majani lilichelewa, na wachumaji wakabaki kituoni mpaka alasiri wakilalamika. Aliyekuwa akilalamika zaidi, mama aliniambia, ni magokoro. Moshi aliuona kutoka kule akauliza ni kwa nani. Nyumba iliungua pamoja na kuku waliokuwa wamefungiwa ndani. Kilichobaki ni vyuma vya kitanda na sufuria moja. Binti yake aliyeolewa Kiogoro alikuja na pikipiki kabla ya jua kuzama, akampakia mama yake na lile vazi alilokuwa amevaa.

Chifu aliitisha baraza. Nilikwenda. Nilisimama mbele ya watu nikaeleza kila kitu: kwamba hadithi ni ya kutungwa, kwamba nilimwomba mwendo tu, kwamba sijawahi kuona ubaya wowote kwake, kwamba kosa ni langu. Mzee mmoja nyuma akasema, "Lisemwalo lipo," na watu wakaguna kukubali. Nimeichukia methali hiyo tangu siku ile. Ni ya watu wavivu wa kuuliza.

Halafu baba wa yule mtoto akasimama. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana, wala hakupaza sauti.

"Nina swali moja," akasema. "Ulitaka mwendo wa mchawi. Wanawake wa hapa ni wengi. Kwa nini hukumchora mama yako?"

Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele. Jibu nilikuwa nalo, na kila mtu pale alikuwa nalo pia: sikumchora mama kwa sababu mama ni mama, na yule alikuwa mzee, mjane, kiwete, na watoto wake mbali. Nilimchagua kwa sababu zile zile walizomchagulia. Niliketi. Baraza lilipoisha mama alitangulia kurudi nyumbani bila kunisubiri, nami nikamfuata nyuma nikitazama kisigino chake.

Katuni tuliifuta. Wiki hiyo hiyo mtu nisiyemjua akanitumia nakala yake kwenye simu, na ujumbe: "Tazama, katuni tamu ya kwetu!" Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu wa sauti alikusanya vinasa sauti vyake akarudi kwa kwaya zake. Mwandishi alitafuta wa kumlaumu na hakwenda mbali. "Mimi niliandika hadithi tu," akaniambia. "Mguu umeuleta wewe." Nilimrushia kikombe, kikapiga ukuta. Alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana nilikirusha. Mwisho wa mwezi tulirudisha ufunguo kwa mwenye nyumba, na sasa chumba kile kinahifadhi magunia ya chakula cha kuku.

Ilinichukua muda kupata moyo wa kwenda Kiogoro. Nilibeba unga na sukari, kama kawaida yangu ya kulipia vitu visivyolipika. Binti yake alinifungulia mlango, akapokea mzigo, na hakunikaribisha kiti. Magokoro alikuwa ameketi kitandani, amekonda, ameelekea ukuta.

"Ni wewe," akasema. "Nimekujua kwa hatua. Unakanyaga kama mama yako."

Nikapiga magoti nikaomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaupungia mkono msamaha wangu, kama anayefukuza inzi.

"Hayo tutayaongea na Mungu," akasema. "Mimi nina shida nyingine. Watoto wa ploti hii wana simu. Siku ya pili tu nilipotoka kwenda chooni, mmoja akapiga kelele, akaita wenzake. Sasa natoka wakienda shule. Jumamosi na Jumapili sitoki. Nakaa na ndoo, mwanangu, mimi niliyechuma chai nusu ya maisha yangu."

Nilitazama chini.

"Wewe unajua watu wanavyotembea," akaendelea. "Ule wangu uliuchukua. Nifundishe mwingine."

Nilidhani ananicheka. Nilimtazama usoni, hakuwa akicheka. Alikuwa amekwisha kuweka miguu sakafuni na kutafuta viatu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, watoto shuleni. Tulitoka uani, binti yake akisimama mlangoni amekunja mikono. Nikafanya niliyoyajua. Nilimwambia afupishe hatua ya mguu mzima, ili ule mbovu usibaki nyuma ukiburuta. Nilimwambia atangulize kisigino. Bega lilitaka kuruka, nikaliwekea kiganja changu juu nikalizuia. Alivuka ua mara ya kwanza akashika ukuta, uso umelowa jasho. Aliumia, nyonga ile ilikuwa imejifunza njia yake kwa miaka, na ile njia ndiyo iliyokuwa na maumivu machache. Nikamwambia tuache. Akasema turudie.

Mara ya nne au ya tano nilimwambia akaze mkono wa kushoto, usitikisike, kwa sababu ukitulia ule na bega hutulia. Akafanya hivyo. Akaja kuelekea kwangu kutoka kwenye kamba ya nguo, kisigino kwanza, haraka kidogo, mkono umetulia ubavuni, nami nikamjua aliyekuwa akija.

Magokoro alisimama mbele yangu akihema. Huwezi kumficha mwanamke kama yule kitu kilicho usoni pako.

"Huu ni wa nani?" akauliza.

"Wa mama."

Mkono wake ulikuwa bado umekazwa kama nilivyomwambia.

"Umemwomba?"

Nilipangusa vumbi magotini.

"Umemwambia ni wa kazi gani?"

Binti yake aliingia ndani. Nikainama, nikamshika magokoro kifundo cha mguu wa kushoto, nikamwonyesha jinsi ya kuinua vidole, na tukaanza tena kutoka kwenye kamba ya nguo.