Sindano ilimponya mzee wangu kifua, ikachukua masikio

Wakuu, habari za huko. Mimi ni cucu, yaani nyanya, wa hapa Mwiki, mjukuu amenifundisha kutype. Haya niliyaona na macho yangu, siongezi chumvi.

Miaka ya hamsini, mume wangu, Baba Wambui, alikuwa anafanya kazi kwa mashine ya kuparua mkonge hapa Ruiru. Ile mashine ilinguruma hadi watu wanaongea na mikono. Akirudi nyumbani alikuwa anaongea kwa nguvu kama tumegombana, na hatujagombana.

Binti yetu Wambui akiwa bado ananyonya, mzee akaanza kukohoa damu.

TB.

Tukaenda hospitali Thika, akaanzishiwa sindano za streptomycin. Siku hizo ilikuwa dawa mpya, na kweli ilifanya kazi. Kikohozi kikapungua, akaanza kuitisha chakula.

Halafu masikio yakaanza kulia. Akisimama, anaona ardhi inacheza.

Daktari hakutuficha. "Ni hii dawa. Tukiendelea, masikio yanaweza kwenda. Tukiacha, kifua kitakumaliza."

Nikaanza kulia. Mzee akamwangalia mtoto mgongoni kwangu.

"Nidungeni. Heri awe na baba kiziwi."

Akapona. Masikio yakaenda, ila sikio la upande wa kulia likabaki linasikia kidogo.

Wambui alikuja kuwa nurse, ndiye alinielezea. Ndani kabisa ya sikio kuna maji yenye chumvi zake, na seli zenye vinyweleo vinavyotikiswa na sauti. Kelele ikizidi, zile seli zinachoka mpaka zinajitengenezea sumu. Dawa nayo inaingia humo na inakawia kutoka. Seli zikikufa hazioti tena. Na hapo ndani ndiko balance ya mwili inakaa pia.

Sasa oneni huyu mwanaume.

Kila asubuhi alikuwa anajifundisha kutembea katikati ya mistari ya kahawa, mikono imetanuka, macho mbele. Watu wakasema amelewa mapema. Akiona wanacheka, anacheka nao.

Msimamizi wa mkonge akataka arudi kwa mashine. "Si wewe ni kiziwi? Kelele itakufanya nini?"

Nikamrudishia mzee hayo maneno kwa lile sikio lake la kulia. Akajibu, "Hiki kidogo kimebaki ni changu." Akaenda kukata matawi ya kahawa.

Akajifunza kusoma midomo. Siku moja amempakata Wambui, akaruka: "Umesikia? Ameniita baba!"

Wakuu, mtoto alisema mama. Kwa midomo, hayo maneno yanafanana kabisa. Nikamwambia, "Eeh, ni wewe ameita." Alitembea na hiyo furaha wiki nzima.

Nilichojifunza: masikio yakianza kulia, iwe ni kazi au ni dawa, ambia daktari mapema, na usiache dawa kivyako.

Kama kwenu kuna mtu dawa ilimwacha hai lakini ikamchukulia kitu, andika hapa chini aliishi vipi. Wangu aliishi vizuri sana.