Dalali na Mpira Uliozidi Kasi

Darasani walimwita Dalali, na jina lilimkaa. Msichana yule hakuwa mtu wa kutoka mahali mikono mitupu. Simu ya kurekodia video ya jaribio lake la fizikia aliipata kwa shangazi yake, msusi, kwa makubaliano kwamba atafua taulo za saluni mpaka mwezi uishe. Shangazi aliamini amempunja mtoto wa kaka yake. Mtoto naye aliamini amempunja shangazi. Biashara nzuri huwa hivyo.

Kazi ilikuwa kwenye kompyuta. Maabara ilikuwa na moja tu iliyo nzima, na karani wa shule alishaimezea mate.

"Mimi sipimi fizikia kwa sinema," mwalimu alimwambia. Yeye alikuwa mtu wa saa ya kubonyeza. "Lakini nakupa mpaka Ijumaa. Angusha mpira wako, upime unavyozidi kasi. Ukipata tisa nukta nane, ile namba ya uvutano wa dunia, au jirani yake wa karibu, kompyuta inabaki hapa na darasa zima litatumia njia yako. Ukikosa, karani anaibeba."

"Nikipata, Mwalimu, somo hilo nalifundisha mimi."

"Pata kwanza, mama."

Wakajipanga. Rula ya mita ilibandikwa ukutani, simu ikaegemezwa kwenye rundo la vitabu upande wa pili wa chumba. Twiga, rafiki yake aliyepewa jina hilo kwa kejeli maana alikuwa mfupi kuliko wote, alisimama mbele ya kabati lililokuwa ukutani, akanyoosha mkono pembeni, akauachia mpira.

Programu ya kuchambua picha haina maajabu. Inaikata video picha moja moja, nawe unabofya mpira ulipo katika kila picha. Yenyewe haijui mita ni nini. Ni wewe unayeivutia mstari juu ya rula na kuiambia, hii hapa ni mita moja. Kuanzia hapo inakuamini, hata ukiidanganya.

Dalali alibofya mpaka kidole kikafa ganzi. Jibu likaja: kumi na moja nukta nne.

Akaangusha tena, akabofya tena. Kumi na moja na ushee, ileile.

"Punguza kidogo," mmoja wa wenzake alimnong'oneza. "Hapa na pale. Nani atajua?"

"Nikianza kupika majibu, bora nifungue mgahawa kabisa," Dalali alimjibu. Halikuwa suala la utakatifu. Anayeuza bidhaa mbovu huuza mara moja tu, na yeye alikuwa na mpango wa kuuza njia hii kwa darasa zima.

Alhamisi jioni bado namba ilikuwa ileile. Karani alishapita mlangoni na waya wa umeme wa akiba begani, anatabasamu. Twiga, kwa kutaka kumchangamsha mwenzake, akasogeza kiti.

"Hebu nipime na mimi humo ndani, dada. Toka unyayoni mpaka kichwani."

Dalali akavuta mstari juu ya picha yake. Mita moja na themanini.

"Mnaona!" Twiga akaruka. "Nilisema nitarefuka! Semeni sasa!"

Chumba kizima kilicheka, isipokuwa Dalali. Alichukua rula ya kweli, akamsimamisha Twiga mlangoni na kumpima. Mita moja na hamsini na tano, na hapo alikuwa amejivuta.

"Kompyuta imekupa urefu wa bure," alisema polepole, "na mpira imeupa mwendo wa bure. Rula iko ukutani, nyie mko huku mbele ya kabati, karibu zaidi na simu. Cha mbali kinaonekana kidogo. Nimeupima mpira kwa rula iliyonywea!"

"Kwa hiyo mimi ni mfupi tena?"

"Wewe ni mfupi wa maana, Twiga. Shika mpira, na rula uishike palepale unapouangushia."

Ijumaa mwalimu alikuja na saa yake ya kubonyeza shingoni. Hakuuliza jibu kwanza. Aliketi, akavuta mstari wa rula mwenyewe, akabofya mwenyewe, picha baada ya picha, huku Dalali amekunja mikono kama muuzaji anayejua mzigo wake hauna doa.

Tisa nukta saba.

 Mwalimu akaivua saa shingoni na kuiweka kwenye droo.

"Mwambieni karani atafute mashine nyingine," alisema. "Na wewe, mama, Jumatatu ubaoni. Uanze na lile kosa lako. Hilo hawatalipata kitabuni."

"Nitaanza na Twiga, Mwalimu."

Habari ilifika saluni kabla yake. Shangazi alikuwa anamwonyesha kila mteja ile simu, akiapa kwamba imepima uvutano wa dunia nzima. Dalali hakumsahihisha. Aliingia kichwa juu, akapokea pongezi zote zilizokuwepo, kisha akavuta beseni la taulo. Mwezi ulikuwa haujaisha.